7-Zip, WinRAR, PeaZip au ile ya Windows: ipi itafungua faili lililokukatalia?

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi kutoka upande wa Ahero aliniletea kompyuta yake ya mezani hapa Kondele, Kisumu. Alikuja na matatu, mashine ameipakata mapajani, imefungwa kwa leso ya mkewe. Shida yake aliieleza kwa sentensi moja: “Fundi, programu ya kufungua mafaili imeharibika, na nimeshaweka tatu.” Alikuwa amejaribu ile inayokuja na Windows, akapakua 7-Zip, kisha WinRAR. Zote zilikataa kifurushi kilekile cha ZIP, yaani mafaili yaliyobanwa na kufungwa pamoja, chenye video ya wanafunzi wake wakiimba kwenye tamasha la muziki, na wazazi walikuwa wanaisubiri.

Nikamwambia, “Mwalimu, hebu fanya vile unavyofanya nyumbani, nitazame.” Akachomeka flashi ya GB 16, akakibonyeza kifurushi, akaelekeza video ifunguliwe moja kwa moja ndani ya flashi. Mstari wa kijani ukasonga vizuri, ukapita nusu, ukasimama. Nikaangalia sifa za flashi: GB 11 zilikuwa wazi. Juu kidogo ya hapo paliandikwa FAT32, yaani mfumo ambao flashi inatumia kupanga mafaili. Video ilikuwa ya GB 6, na mfumo wa FAT32 haupokei faili moja linalofika GB 4, hata flashi iwe tupu kabisa. Tukaifungulia video kwenye diski D ya kompyuta, tukahamisha vitu vyake vingine kutoka kwenye flashi, tukaifomati upya kwa exFAT, mfumo usio na kikomo hicho, kisha tukainakili video humo. Programu zote tatu zilikuwa nzima tangu mwanzo.

Ndiyo sababu mtu akiniuliza ipi bora, namuuliza kwanza imekwama wapi na ikasema nini. Kuna watu wanamaliza bando kupakua programu ya tano ilhali kasoro iko kwenye faili, au kwenye flashi, au kwenye mashine yenyewe. Programu hizi zinatofautiana kweli, na nitaeleza kwa nini naipendelea moja, lakini tofauti hizo zinakufaa tu ukishajua unatafuta dawa ya ugonjwa gani.

Majina mengi, injini tatu

Kila programu ya aina hii ina injini ndani yake, yaani ile sehemu inayosoma kifurushi na kukirudisha kuwa mafaili ya kawaida. 7-Zip ina injini yake, ambayo Igor Pavlov alianza kuitoa mwaka 1999. WinRAR ina yake, ya Eugene Roshal, ambaye ndiye aliyebuni mtindo wa RAR mwaka 1993. Windows 11 ilipoanza kufungua RAR na 7z (mtindo wa 7-Zip) mwaka 2023, Microsoft ilichukua maktaba huria ya msimbo iitwayo libarchive. PeaZip ina sura nzuri ya kwake, lakini kazi ya kufungua kwa sehemu kubwa inaikabidhi injini ya 7-Zip. NanaZip nayo imezaliwa moja kwa moja kutoka kwa 7-Zip.

Jambo hili lina uzito mkubwa ukiwa na faili lililokataa. 7-Zip ikishindwa, ukaenda kwa PeaZip nayo ikashindwa, usidhani umepata mashahidi wawili. Umemuuliza shahidi mmoja mara mbili, na mara ya pili amebadilisha shati tu. Shahidi wa pili wa kweli, kwa ZIP na RAR, ni WinRAR. 7-Zip na WinRAR, zote zikiwa za toleo jipya, zikikubaliana kwamba data imeharibika, mimi huacha kutafuta programu nyingine na kuanza kutafuta faili lingine: nalipakua upya, au namwomba aliyelituma alitume tena.

Na kabla hata ya shahidi wa kwanza, tazama ukubwa wa faili. Ukiambiwa ni MB 300 na kwako limeshuka la KB 40, hilo si kifurushi. Lifungue kwa Notepad. Ukiona maandishi yanayoanza na “<!DOCTYPE html”, umepakua ukurasa wa tovuti uliojipa jina la ZIP, mara nyingi ule unaokutaka uingie kwanza kwenye akaunti. Faili halisi la ZIP huanza na herufi PK, alama za jina la Phil Katz aliyeuleta mtindo huo mwaka 1989. La RAR huanza na “Rar!” na la 7z huanza na “7z”. Usilifungue faili la GB 2 kwa Notepad, mashine itaganda. Ukaguzi huu ni wa mafaili madogo yanayotia shaka.

Ile inayokuja na Windows

Uzuri wake ni kwamba ipo tayari. Tangu Windows XP ya mwaka 2001, ZIP hufunguka kama folda, huhitaji kupakua wala kulipa chochote. Kwa mtu anayepokea ZIP ndogo mara moja kwa mwezi, inatosha, na simshauri aongeze kitu.

Tatizo lake kubwa linatokana na uzuri huohuo. Kwa kuwa ZIP inaonekana kama folda, watu wanafanya kazi humohumo ndani bila kuifungua kwanza. Chukua fomu ya Excel ya kujazia ritani ya kodi kwenye iTax. Hushuka ikiwa ndani ya ZIP, nawe ukishaijaza na kuithibitisha, inakutengenezea ZIP nyingine ya kupandisha. Kila mwezi wa Juni, tarehe 30 ikikaribia, naona mtu anaibonyeza fomu mara mbili akiwa bado ndani ya ZIP. Windows inamtolea nakala ya muda kwenye folda iliyofichika, anaijaza kwa saa nzima, anahifadhi, anafunga. Akirudi kwenye ZIP anakuta fomu iko tupu kama ilivyoshuka. Dawa ni kubonyeza ZIP kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kuchagua “Extract All”, na kufanyia kazi ile folda mpya inayotokea. Ifute ile ZIP, au ihamishe mbali, usije ukaichanganya na folda.

Kuna jambo la pili linalohusu fomu hiyohiyo, na hapa programu hizi zinatofautiana waziwazi. Faili lililotoka kwenye intaneti hubandikwa alama na Windows kuonyesha limetoka nje. Ukifungua ZIP kwa kutumia Windows yenyewe, alama hiyo inahamia kwenye kila faili lililokuwa ndani. Tangu 2022 Excel huzuia makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili) za faili lenye alama hiyo: unaona utepe mwekundu juu, na vitufe vya fomu havifanyi kitu. Mtu anadhani fomu ni mbovu. Funga Excel, bonyeza ZIP kwa kitufe cha kulia, ingia kwenye sifa zake, weka alama ya vema kwenye “Unblock”, kisha ifungue upya. 7-Zip, kwa jinsi inavyokuja, haihamishi alama hiyo, kwa hiyo fomu iliyofunguliwa kwa 7-Zip huleta ule utepe wa kawaida wa manjano unaokuuliza kama unakubali makro.

Nisieleweke vibaya: alama hiyo ni ulinzi. Kwa fomu uliyoichukua mwenyewe kwenye tovuti rasmi, iondoe bila wasiwasi. Kwa ankara uliyotumiwa na mtu usiyemjua kwa barua pepe, nataka alama ibaki. Tangu toleo la 22.00 la mwaka 2022, 7-Zip ina mpangilio wa kuihamisha alama hiyo, uko kwenye Tools, kisha Options, umeandikwa “Propagate Zone.Id stream”. Kwenye kompyuta za saiba nauwasha. Sijui ni nani atakaa pale kesho na atafungua nini.

Mengine kuhusu ile ya Windows nitayapitia haraka. Kwenye Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025 lakini bado imejaa huku kwetu, ni ZIP pekee inayofunguka. RAR na 7z hazimo. ZIP iliyofungwa kwa neno la siri la aina ya AES huishinda, na kosa inalotoa halikuelezi sababu, kwa hiyo mtu anaweza kuandika neno sahihi mara ishirini bure. Windows 11 ilipoongeza RAR na 7z, haikuweza kufungua zenye neno la siri. Ikiwa na mafaili madogo maelfu, inakwenda polepole kiasi cha kuchosha. Na njia ndefu za folda huikwamisha: jumla ya herufi za njia nzima ikizidi 260 inakataa. Walimu hasa hupatwa na hili, kwa kuwa hupanga vizuri mno: D:\SHULE\MUHULA WA PILI\GREDI YA SITA\MAAZIMIO YA KAZI\KISWAHILI, na ndani ya ZIP kuna folda nyingine tano zilizopangwa hivyohivyo. Ihamishe ZIP kwenye D:\a na uifungulie hapo. 7-Zip huvumilia njia ndefu zaidi, ila baadaye unaweza kuona Windows inashindwa kufuta ilichokitoa, kwa hiyo bado napendelea kufupisha njia.

7-Zip

Hii ndiyo ninayoiweka kwanza kwenye kila mashine. Ni ya bure nyumbani, shuleni na kwenye biashara. Ni ndogo, chini ya MB 2, na bado inakubali Windows za zamani, jambo linalosaidia sana kwenye kompyuta za shule. Inafungua ZIP, RAR, 7z, TAR, ISO na nyingine nyingi. Kutengeneza RAR haiwezi, kwa sababu haki ya kutengeneza RAR iko kwa wenye WinRAR, lakini sijaona mteja aliyelazimika kutengeneza RAR wakati 7z na ZIP zipo.

Sura yake haivutii. Kwenye Windows 11 menyu yake imejificha nyuma ya “Show more options”, na hilo hunifanya niulizwe kila wiki kama kweli imewekwa. Shikilia Shift huku ukibonyeza kitufe cha kulia, utaiona moja kwa moja. NanaZip ilitengenezwa kutatua jambo hilohilo, na kwa mtu wa Windows 11 ni chaguo zuri.

Kasoro yake halisi ni kwamba haijisasishi. Ukiiweka leo, itabaki ilivyo mpaka mtu aibadilishe kwa mkono. Kwenye saiba na maabara za shule huku Nyanza nimekuta mara nyingi toleo la 9.20, la mwaka 2010. Sasa angalia kinachotokea. Mwaka 2013 WinRAR 5.0 ilileta mtindo mpya wa RAR, unaoitwa RAR5. 7-Zip ilijifunza kuusoma mwaka 2015. Mtu akiwa na 9.20 na RAR ya siku hizi, anaambiwa “Can not open file as archive”, naye anahitimisha kwamba 7-Zip haifungui RAR, au faili limekufa. Faili ni zima, programu ni ya zamani. Fungua 7-Zip, nenda Help, kisha About, usome namba. Ikiwa chini ya 24.09, ibadilishe, kwa sababu toleo hilo la Novemba 2024 liliziba pia pengo lililowawezesha wahalifu kuikwepa ile alama ya intaneti niliyoitaja. Ichukue 7-zip.org, yenye kistari katikati. Majina yanayofanana na hilo yapo, na si yote yana nia njema.

Kinachonifanya niipende zaidi ni kwamba makosa yake yanasomeka, ukishajua lugha yake. “Unexpected end of data” maana yake faili limekatika njiani: bando liliisha, stima ilipotea, au aliyelipandisha hakumaliza. Huna la kurekebisha, lipakue tena. “CRC failed” au “Data error” maana yake faili lina urefu wake lakini kilichomo kimebadilika. “Unsupported Method” mara nyingi ni ishara kwamba programu ni ya zamani kuliko kifurushi. Na ikikuuliza “Wrong password?”, iko kwenye shaka kama wewe ulivyo: ama neno la siri si sahihi, ama data imeharibika, na yenyewe haiwezi kutofautisha. Hapo liandike neno la siri kwenye Notepad ulione kwa macho, kisha ulinakili. Maneno ya siri yaliyonakiliwa kutoka WhatsApp huja na nafasi tupu mwishoni, nayo nafasi hiyo inahesabika.

Halafu ina kitu ambacho natamani kila anayetuma kazi kubwa angekitumia. Bonyeza faili kwa kitufe cha kulia, chagua CRC SHA, kisha SHA-256. Unapata mstari wa herufi na tarakimu 64. Anayetuma kutoka Nakuru anakutumia mstari huo kwa ujumbe mfupi, wewe Kisumu unaupata wako, mnalinganisha. Ikilingana, faili limefika kama lilivyotoka, na kama bado linakataa kufunguka, basi lilikuwa bovu kabla halijatumwa. Mabishano ya “mimi nilituma likiwa zima” yanaishia hapo.

WinRAR

Lipo jambo moja ambalo WinRAR inafanya na 7-Zip haifanyi, na kwa baadhi ya watu jambo hilo linatosha kuifanya ndiyo chaguo lao: inaweza kutibu.

Mpiga picha mmoja wa harusi kutoka Kakamega aliniletea diski ya nje iliyoanza kutoa mlio wa kugonga. Ndani yake kulikuwa na RAR ya picha za harusi mbili. 7-Zip ilisoma, ikafika katikati, ikatoa “CRC failed” kwenye picha kadhaa. Kwa bahati, kijana huyu alikuwa na desturi ya kuweka vema kwenye “Add recovery record” kila anapotengeneza RAR. Hicho ni kiasi kidogo cha data ya ziada kinachowekwa ndani ya kifurushi ili kikiharibika kiweze kujijenga upya. Nikakinakili kifurushi kwanza kwenye diski nzima, nikakifungua kwa WinRAR, nikabonyeza Alt na R. Ikakaa kimya dakika kadhaa, kisha ikaandika faili jipya ambalo jina lake linaanza na “fixed”. Nikalifungua. Hakuna picha hata moja iliyokosekana. Yule kijana aliketi, akazipitia moja moja mpaka bibi harusi wa pili, ndipo akavuta pumzi.

Sasa sikiliza mipaka yake. Bila data hiyo ya ziada, WinRAR hujaribu kujenga upya muundo tu na kukupa faili linaloanza na “rebuilt”. Yale mafaili yaliyoharibika ndani hayarudi. ZIP haina data hiyo kabisa, wala 7z haina. Kwa hiyo uamuzi unafanywa siku ya kufunga. Ukifika siku ya kufungua umeshachelewa.

Kama huna tiba, bado kuna njia ya kuokoa kinachookoka. WinRAR, unapofungua, ina kisanduku cha “Keep broken files”. Usipokiwekea vema, inafuta kila faili lililotoa kosa. Ukikiweka, unabaki na hata yaliyo nusu. Picha ya JPEG iliyoharibika chini inaweza kuonyesha nyuso zote za juu. Barua ya Word haina bahati hiyo kila wakati, lakini jaribu.

Kuhusu malipo: WinRAR ni ya kulipia, karibu dola 30, na unaruhusiwa kuijaribu siku 40. Baada ya hapo inaendelea kufanya kazi huku ikikukumbusha kulipa, na ndiyo maana watu wengi wanadhani ni ya bure. Kwa biashara msimamo wangu ni kulipa au kutumia 7-Zip. Kitu ambacho sitamwekea mtu yeyote ni WinRAR “iliyofunguliwa” kutoka kwenye tovuti za wizi. Kuchukua virusi ili kukwepa kidirisha cha ukumbusho ni hasara tupu.

Nayo pia haijisasishi, na rekodi yake inatisha ukiizembea. Mwaka 2019 kampuni ya Check Point ilieleza kasoro iliyokuwa imejificha ndani ya WinRAR kwa miaka 19, katika sehemu ya kufungulia mtindo wa zamani wa ACE. Wenye WinRAR wakaiondoa sehemu hiyo katika toleo la 5.70. Mwaka 2023 ikazibwa nyingine kwa toleo la 6.23. Mwaka 2025 nyingine tena, kwa toleo la 7.13. Zote zilitumiwa na wahalifu kwa watu walioendelea na matoleo ya zamani, na walichohitaji ni mtu afungue kifurushi au faili lililomo tu. Ukiichagua WinRAR, umechagua pia kuikagua namba yake mara kwa mara. Usiwe na chini ya 7.13.

PeaZip na wengineo

PeaZip ni ya bure, ilianza 2006, inafungua aina zaidi ya 200, na menyu zake zimepangwa kwa namna inayomsaidia mgeni. Inapatikana pia kwa Linux. Ukipenda sura yake, itumie kwa amani. Nakuomba tu usiitumie kama shahidi wa pili dhidi ya 7-Zip, kwa sababu niliyotaja.

WinZip ilianza 1991 na ni ya kulipia. Sioni ilichonacho ambacho mteja wa kawaida hapa atakilipia. Kwenye maabara zenye Ubuntu, ZIP hufunguka bila shida. RAR ikikataa, weka kifurushi kiitwacho unar, na kazi itaendelea.

Vipande vingi

Hapa ndipo panapotokea mkanganyiko mkubwa kuliko pote, na hakuna programu itakayokuokoa kama hujui aina ya vipande ulivyo navyo.

Ukiona kazi.part1.rar, kazi.part2.rar na kuendelea, au kazi.7z.001, kazi.7z.002, hicho ni kifurushi kimoja kilichokatwa. Vyote lazima viwe folda moja, majina yasiguswe, nawe unafungua cha kwanza pekee. Kivinjari kikiongeza “(1)” kwenye jina kwa sababu ulipakua mara mbili, mnyororo unakatika. Rudisha jina. Kipande kimoja kikiwa kibovu, WinRAR hukutajia ni kipi, na unapakua hicho tu. Hili linaokoa bando kweli: kipande cha MB 500 badala ya GB 10.

Google Drive inafanya kitu kingine kabisa. Ukipakua folda kubwa, inakupa ZIP kadhaa za takriban GB 2, majina yakiishia na -001, -002, -003. Zinafanana na vipande lakini kila moja ni ZIP kamili inayojitegemea. Ukifungua ya kwanza tu, unapata theluthi ya picha na kudhani nyingine zimepotea. Fungua kila moja, zote ukizielekeza kwenye folda moja. Kwa 7-Zip ziteue zote kwa pamoja, chagua “Extract Here”, maliza. Na ukague pia folda yako ya mapakuzi: video kubwa wakati mwingine hushuka peke yake, nje ya ZIP zote.

Kosa linalohamahama

Nimemaliza programu, lakini kuna hali moja ambayo ulinganisho wa programu unakupotosha kabisa. Ndugu yangu mmoja anauza kompyuta za ex-UK mjini Nakuru. Alinipigia akisema 7-Zip inamletea “CRC failed”, WinRAR nayo pia, na faili lilelile linafunguka vizuri kwenye mashine ya jirani. Nikamwambia ajaribu faili hilo mara tatu mfululizo kwa “Test archive”, aandike jina la faili linalotoa kosa kila mara. Mara ya kwanza kosa lilikuwa kwenye faili la mwanzo mwanzo. Mara ya pili likaruka hadi mwishoni. Mara ya tatu halikutokea.

Faili bovu hukosea mahali palepale kila siku. Kosa likihama, shuku RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Mashine ile ilikuwa na vijiti viwili. Akazima, akachomoa umeme, akatoa kimoja, akajaribu, akabadilishana. Kijiti kimoja kilikuwa kinaharibu data. Windows ina kipimo chake cha RAM, andika mdsched kwenye kisanduku cha kutafutia na uanzishe upya mashine. Usiendelee kuhifadhi kazi zako kwenye mashine ya namna hiyo, maana kinachoharibu kifurushi kinaharibu pia nyaraka zako bila kukuambia.

Kidokezo kingine cha haraka: faili likifunguka kisha likapotea mbele ya macho yako, angalia historia ya kinga ya Windows. Pengine limeondolewa kama virusi, na kabla ya kulirudisha jiulize nani alikutumia.

Ningekuwekea ipi

Mwalimu, mwanafunzi, mwenye duka: 7-Zip mpya, na ile ya Windows ibaki kwa ZIP ndogo za kawaida. Mwenye Windows 11 anayetaka menyu iliyo karibu: NanaZip. Saiba: 7-Zip yenye ule mpangilio wa alama ukiwa umewashwa, na mtu mmoja aliyepewa jukumu la kukagua matoleo kila mwanzo wa mwezi. Mpiga picha, mtu wa video, ofisi inayohifadhi kumbukumbu kwenye diski za nje: lipia WinRAR, weka data ya kujitibu kwenye kila kifurushi, na uwe na 7-Zip pembeni kama shahidi wa pili.

Mwalimu wa Ahero nilimwachia 7-Zip. WinRAR nikaiondoa kwa ruhusa yake, kwa kuwa hana RAR za kutibu. Flashi nikaiandika kwa kalamu ya wino mzito, “exFAT”, ili akiiazima mwenzake shuleni na kuifomati upya, ajue cha kuchagua.